Ernest Hemingway, mvuvi aliyepoteza sanduku lake na kuachana na mto

Salamabila, katika wilaya ya Kabambare, inajulikana kwa dhahabu ya Namoya kuliko kwa samaki. Lakini wenye kuvua hawakosekani huko, wa mto Luama na wale wanaoshuka upande wa Kasongo hadi Lualaba. Na penye wavuvi pana ubishi: uzi gani haukatiki, ndoano ya nani hainyooki samaki mkubwa akivuta. Mtu akishapata uzi uliomfikishia mbenga nyumbani, mwenye meno yake yote 32, muuzaji mwingine ashushe bei namna gani, hatasikilizwa.

Mmoja wa watu maarufu walioishi na ubishi huo tangu utoto hadi uzee ni mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway. Dunia inamkumbuka kwa vitabu, vita, ndoa nne na pombe. Waliomjua karibu walimkumbuka pia kama mvuvi. Na watu wa Kivu wana sababu yao ya kumkumbuka, kwa kuwa mwezi wa kwanza 1954 alilala usiku mmoja Bukavu, mji ambao Wabelgiji walikuwa wakiuita Costermansville.

Alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 huko Oak Park, karibu na Chicago. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari aliyependa pori kuliko mji, na ndiye aliyemtia fimbo ya kuvulia mkononi angali mtoto mdogo. Kila kiangazi familia ilihamia kwenye nyumba yao ya ziwa Walloon, kaskazini mwa Michigan. Huko kijana alijifunza kuvua trauti, samaki wa maji baridi, mwoga, anayekimbia hata kivuli cha mtu.

Mwaka 1918 alikwenda vita vya Italia kama dereva wa gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu, akajeruhiwa vibaya miguuni kabla hajafikisha miaka 19. Aliporudi nyumbani, dawa aliyoitafuta ilikuwa mto. Mwaka 1919 alikwenda na rafiki zake kuvua mto Fox, karibu na Seney, na safari hiyo ikazaa hadithi yake ya kijana atokaye vitani, anayevua peke yake kwa chambo cha panzi. Mwenye haraka atasema hadithi hiyo haina kisa. Mvuvi hataona hivyo, kwa sababu kila tendo la mkono limeelezwa: namna ya kufunga ndoano, namna ya kushika fimbo isije ikagonga matawi.

Kwa uvuvi wa mtoni, jina linalotajwa zaidi pamoja na lake ni Hardy. Kiwanda hicho kilianzishwa 1872 katika mji mdogo wa Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, na ndugu waliokuwa mafundi wa bunduki. Ufundi wa bunduki si jambo dogo hapa: fundi aliyezoea kupima chuma kwa unywele hawezi kutengeneza kigurudumu cha uzi kinachokwama. Fimbo zao zilikuwa za mianzi iliyopasuliwa, vipande sita vyembamba vikabandikwa gundi pamoja mpaka vikawa ufito mmoja, mwepesi, unaopinda bila kuvunjika. Kila mwaka walitoa kitabu kinene cha bidhaa zao, chenye picha, ambacho wavuvi walikisoma usiku kama riwaya. Hemingway alikuwa na fimbo yao ya aina iliyoitwa Fairy.

Mtu asiyevua anaweza kudhani huku ni kujionyesha tu. Kujionyesha kulikuwepo, maana Hardy ilikuwa ghali na hata mfalme wa Uingereza alikuwa mteja. Lakini fimbo ya mwanzi ina tabia zake. Mkono huchukua misimu kadhaa kujifunza inapinda wapi, inarudi kwa kasi gani, inabeba uzito kiasi gani kabla ya kulia. Ukishajua, samaki akigusa chambo, mkono hujibu kabla ya kichwa. Mwenye kubadilisha fimbo kila mwaka anaanza shule upya kila mwaka, na samaki hamngojei mwanafunzi.

Baharini mambo yalikuwa mengine. Tangu 1928 Hemingway aliishi Key West, kisha Cuba, na mwaka 1934 alinunua mashua yake Pilar, ya urefu wa mita 11 na zaidi. Huko alivua marlini, ambaye watu wa pwani humwita nduwaro, na jodari wakubwa. Kule Bimini papa walikuwa wakila jodari kabla hajafika mashuani. Hemingway akaona dawa ni kuvuta kwa nguvu bila kumpumzisha samaki, na mwaka 1935 akatoa jodari wazima. Uvutaji wa namna hiyo hauna huruma kwa vifaa. Fimbo dhaifu inavunjika, na katika uvuvi wa mashindano fimbo ikivunjika samaki wako anaweza asihesabiwe. Hapo jina la kiwanda linapimwa kwa saa mbili au tatu za jasho. Hemingway mwenyewe alikuwa makamu wa rais wa shirikisho la kimataifa la uvuvi wa mshipi, IGFA, tangu 1940 hadi kufa kwake.

Mwaka huohuo wa 1940 ndipo pigo lilipomfikia. Alituma sanduku lake kwa njia ya reli kwenda Idaho, milima ya magharibi ya Marekani, alikokuwa anakwenda kuvua na kuwinda. Ndani yake mlikuwa na vifaa vyake vyote vya kuvulia trauti, vilivyokusanywa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Sanduku halikufika. Fimbo ya Hardy Fairy haikuwa humo, ikasalia.

Pesa alikuwa nazo, kitabu chake cha vita ya Hispania kilitoka mwaka ule na kuuzwa sana. Angeweza kuagiza vingine vyenye jina lile lile. Hakufanya hivyo. Kwa maelezo ya mwanawe Jack, baba yake hakurudi tena kwenye trauti kama zamani. Kilichompotea hakikuwa na bei dukani: mito ya Michigan, ya Hispania, na siku alizokuwa kijana.

Mwaka 1952 alitoa kitabu cha mzee mvuvi wa Cuba kilichompa sifa kuliko vyote. Mwandishi huyu aliyeshika fimbo za matajiri alimpa mzee wake Santiago uzi mtupu, unaovutwa kwa mikono mpaka viganja vinatoka damu. Mvuvi wa Luama angemwelewa Santiago mara moja, pengine kuliko angemwelewa mwenye kitabu.

Safari ya Bukavu ilikuwa zawadi ya Noeli kwa mkewe Mary. Ndege ndogo ilitoka Nairobi tarehe 21 Januari 1954, ikapita Mwanza, ikatua Costermansville. Kesho yake iliruka juu ya ziwa Kivu na ziwa Edward hadi Entebbe. Tarehe 23, karibu na maporomoko ya Murchison, iligonga waya wa simu na kuanguka. Wakaokolewa kwa meli hadi Butiaba, kwenye ziwa Albert, ng'ambo ya Ituri. Ndege ya pili iliyokuja kuwachukua ikashika moto ikijaribu kuruka. Magazeti ya dunia yalitangaza kifo chake, naye akayasoma mwenyewe.

Alikuwa ameumia kichwa, mgongo, ini na figo. Hata hivyo mwezi wa pili alikwenda Shimoni, pwani ya Kenya, kwenye kambi ya uvuvi waliyoipanga. Huko aliungua katika moto wa porini aliotaka kusaidia kuuzima. Mwaka huo alipewa tuzo ya Nobel, asiweze kusafiri kwenda kuipokea. Mwili haukupona, akili nayo ikaanza kuyumba. Tarehe 2 Julai 1961 alijiua kwa bunduki nyumbani kwake Ketchum, Idaho.

Jack alirithi ugonjwa wa mto. Mwaka 1944, askari wa Marekani aliyetumwa kuruka kwa mwavuli ndani ya Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, alibeba fimbo yake ya kuvulia. Baadaye akawa mmoja wa wakuu wa idara ya samaki na wanyama ya Idaho, kwenye mito ileile baba yake aliyokuwa akiiendea. Fimbo ya Hardy Fairy ingalipo. Sanduku halikuonekana tena.