Dutton na neno kinga

Joseph Everett Dutton alizaliwa Uingereza mwaka 1874, akasomea udaktari Liverpool, akafa Kasongo, huku kwetu Maniema, tarehe 27 Februari 1905. Hakufikisha miaka 31. Wanaosoma tiba wanamjua kwa vijidudu viwili: cha malale, alichokitambua Gambia na kukipa jina mwaka 1902, na cha homa ya papasi, Borrelia duttonii, kinachobeba jina lake mpaka leo. Sisi wa lugha tumkumbuke kwa sababu nyingine.

Neno la Kifaransa prophylaxie limetoka Kigiriki, na ndani yake mna mlinzi aliyesimama mbele. Kwa Kiswahili tunasema kinga, kutoka kukinga: anayejikinga na mvua huizuia isimfikie. Lakini kinga hiyohiyo hutaja pia nguvu ya mwili wenyewe, kama katika jina UKIMWI. Tena wengi huichanganya na chanjo, iliyotokana na kuchanja ngozi. Akiambiwa kinga ipo, mtu hungoja sindano.

Dutton alifika Kongo mwaka 1903 pamoja na John Lancelot Todd. Mwishoni mwa 1904, huko Stanley Falls, Kisangani ya leo, walithibitisha kwa majaribio juu ya nyani kwamba papasi ndiye anayeambukiza homa ile. Ross na Milne wa Uganda walikuwa wamewatangulia. Hata hivyo Dutton na Todd waliongeza jambo zito: papasi mchanga, aliyeanguliwa kwenye yai la mama mwenye vijidudu, naye huambukiza. Basi kuua papasi wakubwa hakutoshi. Anayetaka kujikinga afikirie sakafu ya udongo, nyufa za kuta, na nyumba za wasafiri ambamo mzima wa leo analala alipolala mgonjwa wa jana. Hapo hamna sindano hata moja, na mpaka sasa homa ya papasi haina chanjo.

Wote wawili waliugua homa hiyo. Todd alipona. Dutton alijua kinga, lakini hakuwa na kinga: sentensi hii ni ya kweli, ila msomaji atajuaje kinga ipi ni ipi? Mimi ningeandika kujikinga kwa tendo, na kuliachia neno kinga nguvu ya mwili.

Ripoti yao juu ya homa ya papasi mashariki mwa Kongo ilitoka mwaka huohuo wa 1905, ikiwa na majina yao wote wawili.