Edward Sokoine: Kijana Aliyekabidhiwa Wilaya



Tarehe 12 Aprili 1984 nilikuwa mwanachuo wa ualimu. Mwalimu Nyerere alitangaza redioni kwamba Waziri Mkuu, Ndugu Edward Moringe Sokoine, amefariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro, akitoka Dodoma. Chuo kizima kilinyamaza. Sisi tulimwona kuwa mzee wa taifa, kumbe alikuwa na miaka 45 tu.

Alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, akasoma hapo, na baadaye Umbwe, Kilimanjaro. Mwaka 1961 alijiunga na TANU. Mwaka uliofuata alikwenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala, na aliporudi 1963 akakabidhiwa kazi ya ofisa mtendaji wa Wilaya ya Masai. Alikuwa na umri wa miaka 25 hivi. Kwa Wamasai kila rika lina zamu yake, na neno la wazee lina uzito. Basi kijana huyo ilimbidi afanye kazi mbele ya watu wa umri wa baba yake.

Wilaya ndiyo iliyokuwa shule yake. Mwaka 1965 alichaguliwa mbunge, 1967 akawa naibu waziri, 1972 Waziri wa Ulinzi. Mwaka 1977, akiwa na miaka 38, akawa Waziri Mkuu. Aliacha kazi hiyo 1980, akairudia 1983, mwaka wa mapambano dhidi ya wahujumu uchumi. Mapambano hayo yalikuwa na kasoro, maana wapo waliokamatwa bila hatia. Lakini Sokoine mwenyewe hakujulikana kwa kujilimbikizia mali.

Nami nakiri kosa langu. Miaka mingi shuleni nilichagua viranja watulivu, wenye maswali nikawaacha. Naona hapa Mwenge tunafanya vivyo hivyo. Vijana tunawaita kupanga viti na kuimba. Mahesabu na kumbukumbu za mikutano tunazishika wenyewe. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, ni wangapi kati yetu tuliomhimiza kijana wetu agombee?

Ndugu zangu, uongozi haufundishwi kwa kutazama. Katika kikao kijacho tumkabidhi kijana mmoja daftari la mahesabu, nasi tukae karibu naye. Akikosea tumsahihishe, lakini daftari tusimnyang'anye.