Willem Einthoven, aliyeuchora umeme wa moyo

Huko Kaptagat, eneo la Ainabkoi karibu na Eldoret, ukimshika mkimbiaji hodari kifundo cha mkono akiwa amepumzika, huenda ukahesabu mapigo 40 tu kwa dakika. Wengi wetu tuna kati ya 60 na 100. Yeye ni mzima. Moyo wake umezoea mazoezi, na kila pigo linasukuma damu nyingi. Lakini mzee wa Lamu mwenye mapigo hayo hayo 40, anayeona kizunguzungu na kuanguka, huenda njia ya umeme moyoni mwake imeziba. Kidole hakiwezi kuwatofautisha. Kipimo cha ECG kinaweza, na aliyetupa kipimo hicho ni Mholanzi Willem Einthoven.

Alizaliwa tarehe 21 Mei 1860 mjini Semarang, bandari ya kisiwa cha Java, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Baba yake, daktari, alifariki Willem akiwa bado mdogo. Mwaka 1870 mama yake akawachukua watoto sita akarudi nao Uholanzi, mjini Utrecht. Kijana akasomea udaktari, na alipofika umri wa miaka 25 akateuliwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Wakati huo ilikwisha julikana kwamba moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe: cheche huanzia sehemu ya juu, hushuka chini, na misuli hubana. Mwaka 1887 Augustus Waller aliunasa umeme huo London, ila mchoro ulikuwa hafifu. Einthoven akaunda chombo chake. Alitandaza uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele, uliopakwa fedha, katikati ya sumaku. Moyo ukipiga, uzi unatikisika na kivuli chake kinapigwa picha. Chombo kilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na kilihitaji watu watano. Mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Mawimbi ya mchoro aliyaita P, Q, R, S na T, na madaktari wanayaita hivyo hadi leo.

Mwaka 1905 alipeleka mapigo ya wagonjwa kwa waya wa simu, kutoka hospitali hadi maabara yake, kilomita 1.5. Mwaka uliofuata akachapisha michoro ya mioyo inayokwenda ovyo, inayoruka mapigo na iliyoziba njia ya umeme.

Mwaka 1924 alipata Tuzo ya Nobel. Inasimuliwa kwamba alimtafuta fundi wake wa zamani, Van der Woerd, akaambiwa ameshafariki. Basi nusu ya fedha akawapa dada zake wawili waliokuwa maskini. Alifariki Leiden tarehe 29 Septemba 1927.

Leo mashine hiyo inabebwa kwenye mkoba na kipimo huchukua dakika chache. Hata hivyo, huku kwetu Pwani mtu akianguka ghafla bado wapo wanaosema kapandwa na pepo, na siku zinapita. Dua haikatazwi. Lakini mpelekeni hospitali, muulizie ECG. Ikitoka safi naye akaendelea kuanguka, rudini apimwe tena, kwa kuwa hitilafu nyingine huja na kuondoka. Wapo wanaohitaji dawa tu, na wapo wanaowekewa kifaa kidogo kifuani cha kuupigisha moyo, wakaendelea na maisha yao.