Mpole kwa Mtu, Imara katika Imani: Maisha ya Mtakatifu Fransisko wa Sales



Katika nyumba zetu nyingi mume na mke hawasali pamoja. Baba ni Mkatoliki, mama ameokoka katika kanisa lingine. Au mama anakwenda Misa, na baba anamcheka akimwona ameshika rozari. Jioni ikifika watu hubishana juu ya Bikira Maria, ubatizo wa watoto wachanga na Ekaristi, hata ugali unapoa mezani na watoto wanaondoka kimya kwenda kulala. Je, Mkristo anyamaze ili nyumba iwe na amani? Au aseme kweli hata kama nyumba itavunjika? Hebu tuyatazame maisha ya mtu aliyekutana na swali hilo mahali pagumu kuliko sebuleni kwetu.

Fransisko alizaliwa tarehe 21 Agosti 1567 katika jumba la Sales, nchi ya Savoy, sehemu ya milima ambayo leo iko mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, mtu wa cheo, alimsomesha Paris na baadaye Padua, Italia, ambako alipata udaktari wa sheria mwaka 1591. Mzee alikuwa amekwisha kumtafutia mchumba na kazi ya heshima. Lakini kijana alitaka upadre. Hakumtukana baba yake, wala hakuliacha shauri lake. Alieleza, akangoja, na binamu yake padre Louis akamsaidia kumtuliza mzee. Mwezi Desemba 1593 alipewa upadre.

Msidhani upole huo alizaliwa nao. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba kwa asili alikuwa mwepesi wa hasira, na ilimchukua miaka mingi ya sala kuitawala. Hili ni jambo la kututia moyo sisi tunaopandisha sauti upesi.

Mwezi Septemba 1594, yeye na Louis walikwenda Chablais, upande wa kusini wa ziwa Geneva. Sehemu hiyo ilitwaliwa na serikali ya Bern mwaka 1536, na tangu hapo wenyeji walikuwa wamefundishwa Uprotestanti. Mjini Thonon Wakatoliki waliosalia walikuwa wachache mno. Baba yake hakutaka aende, kwa kuwa aliiona hatari. Kwa usalama walilala katika ngome ya Allinges, na kila siku Fransisko alitembea kwa miguu hadi Thonon, hata wakati wa theluji. Zaidi ya mara moja alivamiwa na watu waliotaka kumwua. Huyo hakuwa mwoga.

Watu walipokataa kuja kumsikiliza, alianza kuandika makaratasi mafupi ya kueleza imani, akayapitisha chini ya milango yao. Ndani yake hakuficha kitu. Alionyesha wazi alipoona kosa, na pengine maneno yake juu ya wachungaji wa upande wa pili yalikuwa makali. Lakini msomaji wa kawaida alimwachia nafasi ya kusoma nyumbani kwake na kufikiri taratibu, bila kuaibishwa mbele ya jirani. Krismasi ya mwaka 1596 alisoma Misa katika kanisa la Mtakatifu Hippolytus mjini Thonon, ingawa wakuu wa mji walipinga.

Mwaka 1597, kwa ombi la Papa Klementi wa Nane, alikwenda Geneva kwa siri kumwona Théodore de Bèze, kiongozi aliyeshika nafasi ya Calvin, mzee wa zaidi ya miaka 70. Walizungumza kwa heshima zaidi ya mara moja. Mzee hakubadili imani, akafa mwaka 1605 akiwa Mprotestanti. Wapendwa, angalieni sana hapo. Upole si dawa ya kumshinda mtu. Fransisko alikuwa mpole hata pale ambapo hakuvuna kitu.

Kufikia mwaka 1598 watu wengi sana wa Chablais walikuwa wamerudi katika Kanisa Katoliki. Lakini tuseme kweli yote: Mtawala wa Savoy naye alitumia nguvu za serikali, na Fransisko mwenyewe aliomba msaada wake. Hilo tusiliige. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini. Basi baba asitumie kiboko, wala pesa za matumizi, kumrudisha mama kanisani.

Mwaka 1602 aliwekwa kuwa Askofu wa Geneva, mji ambao hakuweza kukaa, kwa hiyo aliishi Annecy. Mwaka 1609 kilitolewa kitabu chake cha kuwafundisha watu wa kawaida njia ya ibada. Kilitokana na mashauri aliyomwandikia mama mmoja mwenye mume. Humo alifundisha kuwa wanandoa wanaweza kuwa watakatifu katika hali yao hiyo hiyo, na kuwa ni rahisi kuizuia hasira mlangoni kuliko kuitoa ikishaingia. Mwaka 1610 alianzisha shirika la masista pamoja na Yoana Fransiska wa Chantal, mjane na mama wa watoto. Alifariki Lyon tarehe 28 Desemba 1622, akatangazwa mtakatifu mwaka 1665. Wasalesiani wa Don Bosco, tunaowafahamu hapa Kenya, wana jina lake.

Maisha yake yanatufundisha nini nyumbani?

Kwanza, ujasiri ni wa kuishika imani, si wa kumpiga mwenzako kwa maneno. Nenda Misa, sali rozari yako, wafundishe watoto, bila kujificha na bila kufoka.

Pili, usibishane mbele ya watoto wala wakwe. Mtu aliyeaibishwa hasikii tena hoja. Anatafuta tu namna ya kulipiza.

Tatu, mkiona sauti zinapanda, acheni. Neno hilo litasemwa kesho, mioyo ikiwa imetulia. Mkihitaji msaada, mwoneni paroko au katekista.

Nne, usiache upole kwa sababu mwenzako hajabadilika. Fransisko alikufa bila kuupata mji wake wa Geneva, wala hakuacha kuuombea. Ukishinda mabishano na kumpoteza mwenzi wako, umeshinda nini?

Leo usiku, baba na mama, zungumzeni: ni neno gani nililokuambia juu ya imani yako ambalo bado linakuuma? Atakayeulizwa ajibu, na aliyeuliza asijitetee, asikilize tu.

Mungu azibariki nyumba zenu.