Zuberi Mtemvu na kura tatu za Tabora

Vijana wetu wakisoma historia ya TANU humkuta marehemu Zuberi Mtemvu kwenye mstari mmoja tu: aligombea urais na Mwalimu Nyerere mwaka 1962, akapata kura 21,276 dhidi ya 1,127,978. Hucheka. Lakini habari yake inaanzia Tabora, Januari 1958.

Waingereza walikuwa wameleta uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Tena ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa maalumu. Hebu, ndugu msomaji, mfikirie mkulima wa ulezi wa huku Ufipa wakati ule: pauni 150 angezitoa wapi? Wengi walikwenda Tabora na hasira, wakitaka TANU isusie. Mwalimu akawashawishi kwamba kususia ni kuwaachia viti UTP, chama kilichopendwa na Gavana Twining. Mkutano ukakubali kushiriki.

Mtemvu, mtendaji wa TANU tangu siku za mwanzo, hakukubali. Alijitoa, akaunda African National Congress.

Kwa matokeo, Mwalimu alikuwa sahihi: walioungwa mkono na TANU walishinda, UTP ikafa. Wala siutetei msimamo wa Mtemvu kwamba Tanganyika ni ya Waafrika peke yao. Sisi tuliofundishwa kuwa mbora ni mchamungu hatuwezi kuupokea. Hata hivyo, kura tatu ilikuwa dhulma, na ilipasa mtu aikatae.

Linalonishughulisha ni kule kuondoka. Hapa Sumbawanga mimi ni katika wale ambao vikaoni, vya shule hata vya msikiti, hutazamwa waseme lile gumu. Likishasemwa, kila mmoja huinamia karatasi zake. Naijua hamu ya kuchukua viatu na kwenda zako. Mtemvu alikwenda, na katika uchaguzi wa 1960 chama chake hakikupata hata kiti kimoja.

Alirejea TANU mwaka 1963, mwaka uleule Halmashauri Kuu ilipoamua nchi iwe ya chama kimoja. Mwaka 1965 ikawa sheria, na aliyekataa jambo kikaoni hakuwa tena na chama kingine cha kukimbilia.