Buster Keaton: bingwa wa kuanguka aliyepoteza sinema zake

Leo tumcheki jamaa aliyevunja watu mbavu huku yeye sura kavuu.

Buster Keaton alizaliwa 1895 huko Kansas, Marekani. Wazazi wake walikuwa wasanii wa jukwaani, na baba mtu alikuwa anamrusha dogo huku na huko kama gunia, ukumbi mzima hoi. Dogo akagundua kitu: akicheka mwenyewe, watu hawacheki. Ndo ile sura hadi ukubwani.

Sinema za bila sauti alizipanga atakavyo. Kwenye Steamboat Bill, Jr. (1928) ukuta mzima wa nyumba unamwangukia, anapona kwa vile amesimama palepale linapotua tundu la dirisha. Ukuta wa kweli ule, sio mambo ya kompyuta! Angekosea hatua moja tu, kwisha habari yake.

Mwaka huohuo akasaini na MGM, hapo ndipo alipochemsha. Sauti ilipoingia, mabosi wakamjazia maneno ya kusema, wakambana asibuni vichekesho vyake, kisha wakampanga na Jimmy Durante, mtu wa kupayuka. Cha ajabu, sinema zile ziliuza! Sasa nani angemsikiliza akilalamika? Akazama kwenye pombe, ndoa ikavunjika 1932, na 1933 akatimuliwa.

Baadaye MGM ileile ikamrudisha, kwa mshahara mdogo, awatungie wengine vichekesho. Alifariki Februari 1966 kwa kansa ya mapafu, miezi michache tu baada ya watu kusimama na kumpigia makofi kwenye tamasha la filamu la Venice.