Bibi Harriette Chick na Ugonjwa wa Matege

Harriette Chick alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka 1875. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya vitambaa vya lesi, na binti zake kadhaa walisoma hata chuo kikuu, jambo lisilokuwa la kawaida siku zile. Mwaka 1905 Harriette aliomba kazi ya utafiti katika Chuo cha Lister, palipochunguzwa asili ya magonjwa. Wataalamu wawili walimsihi mkuu wa chuo asimpokee mwanamke. Mkuu hakuwasikiliza, akampokea.

Vita vya mwaka 1914 hata 1918 vilipokwisha, njaa ilikuwa kali huko Vienna, mji mkuu wa Austria. Watoto wengi walikuwa wamekonda, na wengi waliugua matege. Mifupa ya mtoto mwenye ugonjwa huu huwa laini. Akianza kusimama, miguu yake hupinda kwa uzito wa mwili. Kifua nacho huharibika umbo, na nyonga za msichana zaweza kupotoka hata kuzaa kwake baadaye kukawa hatari. Watu wa Vienna waliuita ugonjwa wa Kiingereza, kwa kuwa matabibu wa Uingereza walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuueleza vitabuni. Na sasa, mwaka 1919, Mwingereza akaja kuuchunguza, pamoja na wanawake wenzake wachache.

Asili ya matege ilikuwa haijajulikana. Huko London, Edward Mellanby alikuwa ameonyesha kwamba watoto wa mbwa hupata matege kwa chakula kibaya, na kwamba mafuta ya ini la samaki huwakinga. Walakini mbwa si mtu. Clemens von Pirquet, mkuu wa hospitali ya watoto ya Vienna, tabibu mwenye sifa katika Ulaya yote, alidhani kwamba matege ni ugonjwa wa kuambukizwa. Hata hivyo alimpa Bibi Chick vitanda na wauguzi katika hospitali yake. Ni wachache wenye sifa kubwa wampao mgeni nafasi ya kuonyesha kwamba wao wamekosea.

Bibi Chick akawagawa watoto wachanga mafungu mawili. Fungu la kwanza walipewa maziwa na sukari kwa kipimo cha hospitali, chakula walichokisifu matabibu wa mahali pale. Fungu la pili walipewa maziwa ya unga yenye mafuta yake yote, pamoja na mafuta ya ini la samaki. Wote walikaa katika nyumba moja safi, wakatunzwa na wauguzi wale wale. Basi kama matege yangekuwa ya kuambukiza, yangewapata wa mafungu yote mawili. Mifupa yao ilipigwa picha za eksirei mara kwa mara, ili badiliko dogo lionekane mapema.

Majira ya baridi yalipofika, siku zikawa fupi na jua hafifu. Wengi wa fungu la kwanza wakashikwa na matege. Wa fungu la pili hakushikwa hata mmoja. Walioshikwa hawakuachwa hivyo, bali walitibiwa. Kisha majira ya joto yakaja, na jambo la ajabu likaonekana: hata fungu la kwanza halikupata mgonjwa mpya. Watoto wagonjwa waliowekwa juani, au mbele ya taa ya zebaki yenye miali kama ya jua, walipona pasipo kubadilishiwa chakula. Von Pirquet akakubali.

Leo sababu yajulikana. Mfupa hupata ugumu wake kwa kalisi na fosfori, vitu vipatikanavyo katika maziwa, dagaa na vyakula vingine. Lakini mtu aweza kula kalisi, na utumbo usiipokee ya kutosha, ikiwa mwili umekosa vitamini D. Vitamini hii imo kwa wingi katika mafuta ya ini la samaki, na ngozi yenyewe huitengeneza ipigwapo na jua. Ndiyo maana hata katika nchi zenye jua kali, mtoto afichwaye ndani siku zote aweza kupata matege.

Bibi Chick alirudi Uingereza mwaka 1922, na taarifa ya kazi ile ikachapwa mwaka 1923. Mwaka 1941 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Lishe cha Uingereza, akawa rais wake alipokuwa amepita umri wa miaka 80. Alifariki mwaka 1977, akiwa na miaka 102.